Tulivyokaa Westport na mama: viza, malazi, mvua na watu wa Mayo

Tangu turudi simu haziishi, kila mwenye ndugu Ulaya anataka kujua tulifanyaje, kwa hiyo naandika yote hapa kwa utaratibu ili mtu asome mwenyewe. Mdogo wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee huko Mayo, magharibi kabisa mwa Ayalandi, na mama alikuwa hajamuona kwa miaka. Tukasema twende. Siyo Dublin jamani, ni mji unaitwa Westport, watu wake kama 7,000 hivi, mto mdogo unaitwa Carrowbeg unapita katikati na miti imepangwa pande zote mbili, bahari iko jirani. Na kitu ninachokisimamia mpaka leo ni kwamba kama hela yako ni ya kuunga unga usiigawe kwa Dublin siku mbili, Galway siku mbili, Cork siku mbili. Chagua mji mdogo mmoja ukae hapo mpaka muuza mkate akujue. Tulikutana na wasafiri waliozunguka nchi nzima kwa wiki, wamechoka, wamemaliza hela, na ukiwauliza wameongea na nani hawana jibu.

Nianze na viza maana hapo ndipo watu wanapopoteza hela kabla hata hawajapanda ndege. Ayalandi haiko Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na wala siyo Uingereza. Narudia, siyo Uingereza. Wakala mmoja mjini (simtaji) alimwambia jirani yetu kwamba viza ya Uingereza inatosha ukiwa unaenda Ayalandi kwa sababu "ni visiwa hivyo hivyo", jirani akalipa, akapata viza ya Uingereza, akaja kugundua uwanja wa ndege kwamba hawezi kupanda. Kwa sisi wenye pasi za Tanzania, na Wakenya pia, unaomba viza ya Ayalandi yenyewe, ya matembezi ni mpaka siku 90, ada yake euro 60 ukiwa unaingia mara moja. Fomu unajaza mtandaoni, mfumo wao unaitwa AVATS, halafu unaprinti ile karatasi ya mwisho, unasaini, unaambatanisha na pasi na makaratasi mengine. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi mitatu kabla ya safari na mimi nakushauri uombe siku hiyo hiyo mlango unapofunguka, usingoje.

Wanachoangalia sana ni taarifa ya benki ya miezi sita na wanaisoma kweli kweli. Kama kuna hela imeingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba andika barua fupi ueleze imetoka wapi, sisi tuliuza ng'ombe wawili na kiwanja kidogo, tukaweka mkataba wa mauziano. Mdogo wangu akaleta barua ya mwaliko, kopi ya kadi yake ya ukaazi, hati za mshahara. Na vyeti vya kuzaliwa vya sisi wote ili waone kweli mama ni mama. Mama alipata shida kidogo hapo maana cheti chake kiliandikwa jina moja na pasi ina majina matatu, ikabidi twende kwa wakili kula kiapo, kwa hiyo angalieni majina ya wazee mapema sana, hilo peke yake lilitula zaidi ya mwezi.

Kingine cha viza halafu nahama. Belfast na Derry ziko Ayalandi ya Kaskazini, na hiyo ni Uingereza. Barabarani hakuna geti wala askari, unavuka bila kujua, lakini kama huna viza ya Uingereza umeingia nchi ya watu bila ruhusa. Ukiona matangazo ya ziara ya siku moja ya kwenda kaskazini waulize kwanza. Na njia ya ndege pia, kupitia London kuna masharti ya viza ya kupita tu, sisi tukaona isiwe tabu, tukaruka KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, mpaka Doha, Doha mpaka Dublin.

Uhamiaji Dublin walimuuliza mama anakwenda kwa nani, atakaa wapi, anarudi lini. Nilikuwa nimempa mama bahasha yake mwenyewe yenye barua ya mwaliko, bima, tiketi ya kurudi na anwani ya gesti, siyo kila kitu kwenye begi langu, na hilo lilisaidia maana wanaweza kuwaita mmoja mmoja.

Kutoka uwanja wa ndege unapanda basi mpaka stesheni ya Heuston, hapo ndipo treni za magharibi zinapoanzia. Treni ya Westport ni ya moja kwa moja, mwendo wa masaa matatu na kidogo, ukikata tiketi mtandaoni siku kadhaa kabla bei inashuka sana kuliko dirishani. Na ukibuku siti jina lako linatokea kwa taa juu ya kiti. Mama alisimama pale kwenye korido ya treni anasoma jina lake, akalisoma tena, akanishika mkono, "Mwanangu, hawa wamenijuaje?" Abiria nyuma yetu wakasubiri bila kusukuma mpaka alipokaa. Treni inavuka mto Shannon pale Athlone halafu nchi inaanza kuwa ya mawe mawe, kuta za mawe zimepangwa bila saruji, kondoo, mvua, jua, mvua tena, yote ndani ya saa moja.

Ndugu zetu Waislamu hili ni lenu, kabla ya Castlebar treni inasimama mji mdogo unaitwa Ballyhaunis, hapo kuna msikiti tangu 1987 na kuna jamii kubwa ya Waislamu iliyokua karibu na kiwanda cha nyama ya halali. Usidhani ukienda kijijini Ulaya basi Ijumaa imekupita. Ila kwenye gesti sema mapema unachokula, kwa sababu ile chai yao ya asubuhi ina nyama ya nguruwe namna tatu na ile soseji nyeusi imetengenezwa kwa damu.

Sasa malazi. Hapa ndipo hela yetu kubwa ilipoishia. Mdogo wangu anaishi nyumba ya kushirikiana na wenzake na mwenye nyumba hataki wageni walale, na wengi wa ndugu zetu kule wako hivyo hivyo kwa sababu nyumba za kupanga Ayalandi ni shida kubwa, usimkasirikie ndugu yako ukadhani anakukwepa. Mama alinuna siku mbili tatu kwenye simu kabla hajaelewa. Hoteli nazo, kuanzia 2022 serikali ilikodi hoteli nyingi nchini kuwahifadhi wakimbizi kutoka Ukraine, vyumba vikapungua, bei ikapanda. Na Westport wikendi wanakuja vikundi vya wanawake wanaomuaga bibi harusi, kama kichen pati zetu ila wao wanasafiri nazo, kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi chumba kinaruka bei karibu mara mbili. Tulichofanya ni kupata gesti ya familia, zile nyumba wanaziita B&B, mama mwenye nyumba anaishi humo humo na wewe unapewa chumba na chai nzito asubuhi. Chumba cha vitanda viwili kilikuwa euro 110 kwa usiku. Nikampigia simu badala ya kubuku kwenye programu, nikamwambia tunakaa muda mrefu na tutaingia Jumatatu, akashusha mpaka 90. Pigeni simu. Wanapenda kuongea na wanapenda kusikia sauti ya mtu.

Huyu mama mwenye nyumba ndiye safari yetu yote, nisiposema habari zake nitakuwa sijasema kitu. Asubuhi ya kwanza sebuleni mama yangu aliona kigoda kidogo cha mbao, cheusi kwa kushikwa, kina kamba ya ngozi, kimewekewa chungu cha maua juu. Akaniuliza kwa Kiswahili hiki kimetoka wapi. Mwenye nyumba akaona tunakiangalia, akasema mjomba wake alikuwa padri wa shirika la Kiltegan, alikaa Turkana, Kenya, miaka mingi mpaka uzee, na kigoda hicho alikuwa analalia kichwa kama wafanyavyo Waturkana, ndicho kitu pekee alichorudi nacho. Akatoa chungu cha maua, akampa mama akishike. Mama akakipitisha kidole pale katikati palipolika kwa kulaliwa. Basi hao wawili, mmoja Kichaga na Kiswahili chake, mwingine Kiingereza cha Mayo ambacho hata mimi nilikuwa napata nusu, wakakaa mpaka saa tano asubuhi. Kesho yake wako jikoni wote, anamfundisha mama mkate wao usiotumia hamira, unga wa ngano nzima, magadi ya kuokea na maziwa mtindi, unakata msalaba juu kwa kisu unaingiza kwenye oveni. Mama anaupika Moshi sasa hivi.

Nawaambia hivi kwa sababu wengi wetu tukifika Ulaya tunajikunyata, tunadhani mzungu akikuuliza maswali anakuchunguza. Kule wanauliza. Umetoka wapi, umekuja kwa nani, huyo mdogo wako anafanya kazi wapi, ah yule, anamtunza shangazi yangu! Mji mdogo wanajuana wote na ndugu yako anajulikana kuliko unavyofikiri. Jibu, na wewe uliza. Ukishuka kwenye basi mshukuru dereva kwa sauti, kila mtu anafanya hivyo hata watoto wa shule. Ukitembea barabara za vijijini dereva anayekuja ananyanyua kidole kimoja cha shahada kutoka kwenye usukani bila kuachia mkono, hiyo ni salamu, mnyooshee mkono. Mama alikuwa hakosi hata gari moja.

Kuhusu baa, hata kama hunywi nenda, nasema hivyo na mimi ni mlokole. Kule baa ni sebule ya mji, familia zinaingia na watoto mapema jioni, unaagiza chai au soda hakuna anayekushangaa, na tangu 2004 hakuna kuvuta sigara ndani. Westport kuna baa ya Matt Molloy, yule mpiga filimbi wa The Chieftains, bendi maarufu ya muziki wa asili wa Ayalandi, iko Bridge Street, nyuma kuna chumba watu wanakaa duara na fidla, filimbi na ngoma ya mkono wanapiga muziki wao, bila kiingilio. Kuna adabu zake ambazo hakuna anayekuambia. Viti vya kona au vya karibu na ukuta palipo na ala ni vya wapigaji, usikae hata kama viko wazi. Mtu akianza kuimba bila ala baa nzima inanyamaza, na wewe nyamaza, weka simu chini. Na mtu akikununulia kinywaji kumbuka wananunuliana kwa zamu, ukikubali cha kwanza inategemewa na wewe utanunua kwa meza nzima, kwa hiyo kama bajeti yako ni ndogo sema tangu mwanzo "nashukuru, chai yangu inanitosha" na hawakasiriki. Kijana mmoja Mkenya tuliyekutana naye alikubali kila kilicholetwa na zamu yake ilipofika wako watu saba mezani, iliondoka karibu euro 45 mara moja.

Huyo huyo Mkenya alikuwa na habari ya gari pia. Kule wanaendesha kushoto kama kwetu na leseni yako unaweza kuitumia ukiwa mgeni, akakodi gari mtandaoni, akalipa kabisa, kufika kaunta wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva kwa ajili ya dhamana, yeye ana kadi ya kawaida ya benki, wakamkatalia na hela haikurudi yote. Soma masharti ya kadi kabla ya kulipa. Sisi tulitumia basi na miguu. Mabasi ya vijijini ni machache, mengine asubuhi na jioni tu, Jumapili karibu hakuna, na teksi za usiku za kubahatisha, kwa hiyo kabla hujaenda popote jua kwanza utarudije.

Njia ya baiskeli ndiyo raha isiyo na gharama kubwa. Reli ya zamani ya kwenda kisiwa cha Achill ilifungwa 1937, wakaigeuza njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, zaidi ya kilomita 40, karibu yote haina magari. Wanaokodisha baiskeli wanakupeleka kwa gari mpaka mwisho halafu unarudi mwenyewe polepole, fanya hivyo hivyo, na angalia upepo unatoka wapi kabla hujachagua upande wa kuanzia.

Halafu kuna mlima. Croagh Patrick, mita 764, wenyewe wanauita the Reek, unaanzia Murrisk kilomita kama 8 kutoka mjini. Sisi watu wa Moshi tunaamka tunaona Kibo, namba kama hiyo unaidharau. Usiidharau. Sehemu ya chini ni njia nzuri lakini kile kichuguu cha juu ni mwinuko mkali wa mawe yaliyolegea, unapanda hatua mbili unateleza moja, na kushuka ni hatari kuliko kupanda. Buti zenye kushika kifundo cha mguu, fimbo, koti la mvua, maji, na uanze asubuhi. Watu wa Mayo wanasema Mtakatifu Patriki alifunga huko siku 40, na Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba maelfu wanapanda kuhiji, wengine pekupeku. Siku hiyo ni kubwa kiimani ila vyumba mjini hakuna, kama hujaja kuhiji panga tarehe nyingine. Mimi nilipanda, mama akabaki chini kwenye sanamu ya Patriki na rozari yake. Juu kuna kanisa dogo jeupe la 1905, na ghuba ya Clew iko chini yako imejaa visiwa vidogo vidogo, huwezi kuvihesabu.

Ng'ambo ya barabara pale pale Murrisk kuna kitu ambacho mama hakukitegemea. Ni sanamu ya meli, ya shaba, kazi ya John Behan, ilizinduliwa 1997. Kwa mbali unaona meli ya kawaida yenye milingoti mitatu. Ukisogea unaona kwamba kamba na matanga si kamba, ni mifupa ya watu, mafuvu na mikono imeshikana inaruka kuizunguka meli. Ni kumbukumbu ya njaa kuu iliyoanza 1845 baada ya ugonjwa wa ukungu kuua viazi, watu kama milioni moja walikufa na zaidi ya milioni moja wakakimbia nchi, wengi kwenye meli mbovu ambazo watu walifia humo. Mayo iliumia kuliko karibu sehemu zote. Na chakula kingine kiliendelea kusafirishwa kwenda nje wakati wanakufa. Mama alikuwa mtoto wa mkulima, ukungu wa viazi anaujua kwa macho yake. Akazunguka meli yote taratibu, akauliza, "Walikuwa wanatawaliwa?" Nikamwambia ndiyo, na Waingereza. Akasema sasa ameelewa kwa nini watu hawa wanatusalimia hivi.

Sijui kama ndiyo sababu yenyewe lakini baada ya pale niliangalia mambo mengine kwa macho tofauti. Pale Westport House, lile jumba la kifahari lililokuwa la familia ya Browne, wengi wanapita kupiga picha na kula keki. Familia ile ilikuwa na mashamba ya watumwa Jamaika. Na mmoja wao, Howe Peter Browne, alikuwa gavana wa Jamaika mwaka 1834 sheria ya kukomesha utumwa ilipoanza kutumika, akagombana na wenye mashamba wenzake kwa kuwatetea watumwa, mpaka leo kule kuna kijiji kinaitwa Sligoville kwa cheo chake cha Marquess wa Sligo. Mwafrika ukipita kwenye jumba hilo ulizia habari hiyo, yote mawili, ya mashamba na ya ugavana, usiondoke na picha za bustani tu.

Mengine ya haraka. Plagi zao ni za pini tatu bapa kama zetu, usinunue adapta. Mwavuli acha nyumbani, upepo wa pale unaugeuza siku ya kwanza, nunua koti zuri lisilopitisha maji, langu lilikuwa euro 60 na lilistahili kila senti. Mama ana presha, tulibeba dawa za safari yote na cheti cha daktari, maana kumuona daktari tu ilikuwa euro 65 kabla ya dawa, mdogo wangu alituambia mapema. Chakula cha mchana kilikuwa euro 15 mpaka 18, tukawa tunakula asubuhi vizuri gesti, mchana supu nzito ya samaki na mkate, jioni tunapika kwa mdogo wangu. Mwezi wa sita jua linazama saa nne usiku, mwanga unabaki mpaka saa tano, wazee wanakosa usingizi kabisa, omba chumba chenye mapazia mazito au beba kitambaa cha macho. Ukienda mwezi wa kumi na mbili ni kinyume, saa kumi na nusu jioni jua limeshazama na sehemu nyingi za wageni zimefungwa.

Jumla yetu sisi wawili, ndege, viza, bima, malazi na kula, ilikuwa karibu shilingi milioni 16, na zaidi ya theluthi yake ni kitanda. Mdogo wangu alichangia, bila yeye tusingeweza. Ukiweza kwenda mwezi wa tano au wa tisa malazi yanashuka na hali ya hewa haitofautiani sana na ile ya kiangazi chao.

Shangazi anakwenda mwezi wa tisa mwakani akijaliwa. Cheti chake cha kuzaliwa tumeshaanza kukirekebisha, na mama ameshampigia mwenye gesti kumshikia kile chumba cha nyuma kisicho na kelele za barabarani, wameongea nusu saa, sijui kwa lugha gani.